Faini ya Tangi Moja: Kwa Mama Yetu Lagimaina

Ni mwaka mmoja na siku moja sasa tangu ututoke, mama. Siku hiyo moja imezidi kwa sababu tarehe yenyewe imeangukia jana, Jumatatu, na gazeti halichapi kumbukumbu siku ya Jumatatu. Usingependa tuseme mwaka mmoja tu. Ulifariki Jumapili, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, ukiwa na miaka sitini na nane, umekwisha kuvaa gauni jeupe la ibada, ukimwambia mjomba Iakopo kwamba mawe ya tanuri la chakula cha Jumapili yamechelewa kuwashwa. Ulisema kweli. Yalikuwa yamechelewa kwa nusu saa.

Kwenye mazishi yako mchungaji alisema kwamba hukuwahi kumkasirikia mtu. Sisi watoto wako tulikuwa benchi la kwanza, na sote kwa pamoja tulitazama viatu vyetu. Ulikasirikia watu wanaosema "nusu kilo hivi." Ulikasirikia waliorudisha futi kamba ikiwa na mchanga ndani. Mwezi mzima hukusema na jirani yetu kwa sababu alipima mlango kwa mkono.

Lakini hili nalo ni kweli, na linathibitika: kila aliyenunua misumari katika duka lako la vifaa vya ujenzi pale Saleufi, mjini Apia, alipimiwa kilo yake, halafu ukamwongezea konzi moja. Akiuliza, ulimwambia, "Chukua, mizani yangu mbovu." Mizani hiyo ilikaguliwa kila mwaka kwa miaka ishirini na sita. Tumepata vyeti vyote kwenye droo. Haikuwahi kuwa mbovu hata mara moja.

Kila Alhamisi, nyuma ya duka, kati ya mifuko ya saruji, mlikutana ninyi akina mama kumi na mmoja wenye biashara mtaani kwetu, mkinywa kakao na kula maandazi ya Mama Sulufaiga. Mama Sulufaiga hushona magauni ya kanisani. Alikuwa rafiki yako tangu darasa la pili na mshindani wako tangu darasa la tatu. Umoja wenu ulikuwa na kazi moja tu, kusaidia kliniki za vijijini, na kwa miaka minane uliifanya bila shida. Shida ilianza mlipofika Fagatuli.

Mwezi wa Mei, mwaka juzi, mlipeleka magodoro sita katika kliniki ya kijiji hicho. Kliniki ina vyumba viwili na muuguzi mmoja, na inaendeshwa na kamati ya akina mama chini ya Mama Naoafioga, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti. Mzee Pauesi, chifu na msemaji wa machifu wenzake, alisimama na fimbo yake mkononi na usinga begani, akawashukuru kwa dakika thelathini na tano. Kisha zawadi za kurudishia zikaanza kutoka: mikeka tisa ya heshima, nguruwe watatu wa kuchoma, vikapu arobaini vya majimbi. Kukataa kusingewezekana. Lori lilirudi Apia likiwa zito kuliko lilivyokwenda. Mjomba Iakopo, dereva, aliona kwenye springi.

Njiani uligundua kwamba mkeka mmoja, ulio laini kuliko yote, ulikuwa umesukwa na binti wa Naoafioga kwa miaka miwili, kwa ajili ya arusi yake mwenyewe.

"Tumewapa magodoro sita, tumewanyang'anya mkeka wa bi arusi," ulisema. "Hii si hisani. Huu ni ujambazi wa watu waliovaa maua."

"Mimi nimefurahia majimbi," alisema Mama Sulufaiga.

"Wewe ungefurahia hata kuzama, mradi kuna chakula."

Mwezi wa Agosti mlijaribu tena. Mlipeleka taa mbili za jua, na safari hii ulimwambia mzee Pauesi kabla hajafungua kinywa kwamba si zawadi, ni mabaki yaliyokuwa yakiziba njia dukani. Mzee Pauesi alifikiri kidogo, akajibu kwamba mabaki ya Lagimaina yana heshima kuliko karamu za watu wengine. Dakika arobaini na mbili. Nguruwe wawili, walio hai.

Mlipokuwa mkirudi, jioni ikawakuta katika kijiji cha jirani. Baragumu la sala likalia, na kwa kawaida ya huku kila mtu husimama alipo mpaka sala iishe. Mjomba Iakopo alikadiria kwamba angewahi kupita. Hakuwahi. Walinzi wa barabara walisimamisha lori, na baada ya sala chifu wao akatoza faini: nguruwe mmoja. Mjomba alimfungua, wakamchukua, wakaenda zao.

"Hata asante hawakusema," mjomba alinung'unika.

 Kwa kilomita kumi na moja ulihesabu kitu kwa vidole. Kisha ukasema, "Iakopo. Wamechukua nguruwe mzima."

"Nimeona, dada. Mimi ndiye niliyemfungua."

"Na hawakuturudishia hata ndizi."

"Wakurudishie kwa lipi? Ni faini. Nani amewahi kumtunza mhalifu?"

"Hapo," ulisema. "Hapo hapo."

Mjomba hakuelewa. Anakiri hivyo mwenyewe, na ametupa ruhusa kuandika.

Mwezi wa Oktoba mzizi wa mshelisheli ulipasua tangi la saruji la kliniki ya Fagatuli. Kliniki isiyo na maji haizalishi wazazi, na muuguzi alipewa barua: ikiwa maji hayatakuwapo ifikapo tarehe thelathini ya Novemba, atahamishwa. Kutoka Fagatuli hadi hospitali ya karibu ni saa moja na dakika ishirini kwa basi, na basi huondoka mara mbili kwa siku. Wajawazito kijijini walikuwa saba.

Dukani kwako kulikuwa na matangi. Wiki hiyohiyo Mama Naoafioga alikuja mjini, akaingia dukani, akaegemea kaunta.

"Dada Lagimaina, nimekuja kukuomba kitu kizito. Nakuomba usitusaidie."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Nakujua, utaleta tangi. Ukileta tangi, mzee Pauesi atatoa mpaka nguzo za nyumba. Tumebaki na nguruwe wanne na mikeka mitatu. Krismasi inakuja. Tutakula nini, hotuba yake?"

"Akina mama saba watazalia wapi?"

 Hapo ndipo Mama Naoafioga alipokaa. Alikunywa kakao yake yote akitazama matangi.

"Nikiwaletea bila ya kuwa zawadi?" ulimuuliza.

"Ulishajaribu. Mabaki yako aliyaita karamu."

"Safari hii sitamwambia chochote. Nitamkosea."

Alhamisi iliyofuata uliwaeleza wenzako mpango. Ukweli ni kwamba haukupokewa vizuri. Mama Sulufaiga aliweka kikombe chini.

"Nimeimba kwaya miaka arobaini. Leo unataka niwe mhalifu wa sala?"

"Nataka ukae kwenye lori. Uhalifu nitaufanya mimi."

"Nikae tu kama mzigo? Kama ni kukosea, tukosee wote. Lakini Mungu akiuliza, nitataja jina lako, na la mtaa wako."

"Mtaje na Iakopo," ulisema. "Yeye ndiye anayeendesha."

Jumatano, tarehe ishirini na sita Novemba, mliondoka Apia na tangi la kijani la lita elfu tano limefungwa kwa kamba juu ya lori. Wawili mlikaa mbele na mjomba, tisa nyuma pamoja nami, mwanao ninayeandika, tukilizunguka tangi. Mlifika Fagatuli mapema mno, kwa hiyo mkaegesha penye daraja, mkala mikate, mkangoja. Saa kumi na mbili na nusu baragumu likalia. Ukamwambia mjomba, "Twende. Washa taa zote."

Mlinzi wa kwanza, mtu mzima mwenye mvi, aliinua mkono. Alipokutambua aliushusha.

"Pita tu, mama. Mmechelewa njiani, Mungu anaelewa."

"Hatukuchelewa. Tulikuwa tumeegesha pale darajani tukingoja baragumu."

Alimtazama mwenzake. Mwenzake alitazama bahari.

"Basi... pita tu, mama."

Hilo hukulitegemea. Ulikuwa umepanga kila kitu isipokuwa kusamehewa. Mlifika kanisani, lori likageuka, mkapita mara ya pili, na safari hii ukanyoosha mkono wako mbele ya mjomba ukabonyeza honi kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Walinzi waliinamisha vichwa kwa heshima. Mkageuka tena.

Mara ya tatu, mbele ya nyumba ya mzee Pauesi, Mama Sulufaiga aligonga paa la lori lisimame. Alishuka, akafungua mwavuli, akatembea polepole mbele ya nyumba ya chifu huku mwavuli ukiwa juu ya kichwa chake. Kila mtu wa huku anajua kwamba huko ni kumdharau chifu waziwazi. Mvua haikuwa ikinyesha. Mimi nilikuwapo, na ninasema kwamba uso wa Mama Sulufaiga haukuwa wa mtu anayejutia.

"Mama," alisema yule mlinzi mwenye mvi, "nendeni nyumbani, nawaombeni."

Ndipo mzee Pauesi alipotoka, kitabu cha nyimbo mkononi, kidole kikiwa bado kwenye ukurasa.

"Lagimaina. Kesho saa mbili asubuhi. Barazani."

"Nitakuja na lori, mheshimiwa," ulijibu.

Usiku huo mlilala kwa Mama Naoafioga, kwenye sakafu, na inasemekana hakuna aliyelala. Kesho yake baraza la machifu liliketi, katika nyumba yao isiyo na kuta, kila mmoja ameegemea nguzo yake, nanyi kumi na mmoja mkaketi mkiwa mmekunja miguu. Mzee Pauesi alisema kwa kifupi, jambo lililotutia hofu.

"Baraza limeona kwamba hawa ni wageni, tena wafadhili wetu. Faini ni boksi moja la samaki wa kopo. Yamekwisha."

Ukainua mkono.

"Waheshimiwa, naomba kukata rufaa."

"Faini ni kubwa?"

"Ni ndogo."

Machifu walitazamana. Uliendelea kwa sauti uliyotumia kusoma orodha ya mali dukani. "Tulipita mara tatu, si moja. Taa zilikuwa zimewaka zote, na moja haina kioo. Honi ililia tangu nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Huyu mwenzangu alipita na mwavuli mbele ya nyumba ya chifu. Naomba izingatiwe kwamba mvua haikunyesha."

"Hata tone," alisema Mama Sulufaiga.

Kutoka upande wa akina mama, Mama Naoafioga alipaza sauti yake, ile inayosikika mpaka kwenye miamba ya baharini.

"Mimi nilikuwa nawaombea wajawazito wetu, mmoja mmoja, kwa majina. Wako saba. Honi ile ilinikatisha baada ya jina la tano. Sasa nauliza baraza: hao wawili waliobaki, nani atawajibia? Boksi la samaki?"

Chifu mmoja mzee, ambaye hadi hapo tulidhani amelala, akasema, "Kwa kweli ile honi ilikuwa mbaya sana."

 Mzee Pauesi alitazama nje, kati ya nguzo, mahali lilipoegeshwa lori na lile tangi la kijani likimetameta juu yake. Nilikuwa nimevaa saa. Alitazama kwa dakika nne. Sisi sote tulijua kwamba akisema neno "zawadi," nguruwe wanne na mikeka mitatu imekwenda. Na akisema "ondokeni," muuguzi amekwenda.

"Una samaki wa kopo?" akauliza.

"Sina, mheshimiwa."

"Nguruwe?"

"Sina."

"Una nini?"

"Nina hicho kilichofungwa kwa kamba."

"Basi baraza linawatoza hicho. Kifungwe kliniki leo. Na mabomba."

"Na mabomba?" ulisema. "Mheshimiwa, hiyo ni kali."

"Ungefikiri hayo kabla ya honi."

Mabomba yalikuwa kwenye lori tangu Apia, chini ya turubai.

Kisha mzee Pauesi akasema maneno ambayo tunayaandika kama yalivyo. "Faini haina shukrani. Hapatakuwa na hotuba." Mtu huyo amekuwa msemaji kwa miaka thelathini na moja. Aliyatamka akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, kisha akautoa usinga begani, akauweka sakafuni. Ulitazama chini ili asione kwamba umeona.

Mlipokuwa mkiinuka alikuita. "Lagimaina. Msirudie tena."

"Haturudii, mheshimiwa."

Mwezi wa Machi mlirudia. Faini ilikuwa kitanda cha kuzalishia.

Jambo moja hukutuambia, tulilisikia kwa Mama Naoafioga. Alipopanda ngazi kuangalia ndani ya tangi kabla halijaunganishwa, alikuta mfuko wa plastiki umefungwa kwa kamba yako ya dukani, na ndani yake mkeka wa bi arusi. Binti yake aliolewa nao mwezi wa Januari. Muuguzi hakuhamishwa. Hadi Ijumaa iliyopita, watoto waliozaliwa kliniki ya Fagatuli tangu siku ile ni ishirini na watatu. Mmoja wao anaitwa Tangi, na mama yake anashikilia kwamba ni jina la ukoo.

Sasa tukuambie usilolijua, kwa kuwa ulikuwa jenezani.

Jioni ya mkesha wako mtungi mtupu wa gesi uligongwa kijijini kwetu kuita sala, kama kila siku, na sote tukainama kukuzunguka. Tulikuwa katikati ya wimbo. Tukasikia honi. Basi lilipita barabarani, taa zote zimewaka, honi ikilia tangu nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Likafika kanisani, likageuka, likapita tena. Mara ya tatu likasimama mbele ya nyumba yetu, na mzee Pauesi, mwenye miaka sabini na nne, akashuka, akafungua mwavuli, akatembea mbele yetu, mgongo umenyooka. Mvua haikuwa ikinyesha.

Mjomba Iakopo alikimbia barabarani. "Mzee, tuko kwenye sala."

"Najua," alisema mzee Pauesi. "Tulikuwa tumeegesha pale darajani tukingoja."

Kesho yake baraza la kijiji chetu liliketi kwa shida, kwa sababu machifu wawili hawakuweza kuzitawala nyuso zao. Lilitoza samaki wa kopo. Mama Naoafioga alikata rufaa akasema ni matusi. Mwishowe faini iliwekwa kuwa nguruwe watano na mikeka saba, ilipwe kwa familia iliyovurugiwa sala, yaani sisi. Mkeka wa juu kabisa tuliutambua. Ndio uliofunika jeneza lako. Umesafiri mara tatu kati ya nyumba hizi mbili, na mara moja tu kama zawadi.

Kwa desturi tulipaswa kuwarudishia. Hatukuweza. Mjomba alificha boksi moja la samaki chini ya kiti cha basi, likarudishwa na mwenye teksi siku iliyofuata, likiwa na karatasi iliyoandikwa: "Faini haina shukrani."

Mama Sulufaiga alilia siku hiyo, mara ya kwanza tangu darasa la tatu. Alipoulizwa alisema kwamba wewe ungepima vibaya urefu wa msafara ule, na kwamba yeye aliuhesabu: watu sitini na wawili, pamoja na muuguzi, na watoto kumi mikononi.

Unakumbukwa na kaka yako Iakopo, ambaye sasa huwasha mawe saa kumi na moja kamili. Na wanao Peleiupu, Tauvela na Siliako. Na mkweo Amituanai, anayeuza misumari kwa mizani yako na bado anasema ni mbovu. Na wajukuu zako saba. Na Mama Sulufaiga na wenzako wote wa Alhamisi, ambao kiti chako wamekiwekea mfuko wa saruji ili mtu asikikalie.

Ibada itafanyika Jumamosi hii saa nne asubuhi, kanisani kwetu. Baada ya chakula, familia na akina mama watasafiri kwenda Fagatuli wakiwa na jokofu la chanjo. Jokofu hilo si zawadi. Tutaegesha penye daraja. Honi ya lori imetengenezwa, na mwavuli tumenunua mpya.

Tunajua kwamba mzee Pauesi husoma gazeti hili. Hatumwombi kitu chochote isipokuwa ukali.

Nawe, mama, hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Na hukumu hiyo hatuikatii rufaa.